Mayai ya Hina

Aibu haina dawa ya dukani. Metrine aliyajua hayo Jeddah, mtaa wa Al-Safa, alikokwenda kufanya kazi za nyumbani akiwa mtu mzima, ameacha wajukuu kwao Malava.

Ilikuwa Pasaka. Madam alikuwa kazini, na bintiye Ruqayya, wa miaka mitano, alimganda Metrine jikoni kama kupe. Metrine naye alijawa na hamu ya kwao. Utotoni, mwalimu wao wa kanisani aliwafundisha kuchemsha mayai na maganda ya vitunguu mpaka yashike rangi, wakayapasua asubuhi ya Pasaka kwa vigelegele. Basi akainjika sufuria. Hakumwambia mtoto ni sikukuu gani. Alisema ni mchezo tu.

Mayai yakatoka ya kahawia, yana mabakamabaka.

"Umepika viazi!" Ruqayya akacheka. "Metrine, hivi ni viazi!"

"Haya we fundi, nionyeshe mazuri."

Mtoto akaelekeza kidole kabatini juu, kwenye kikopo cha hina. Metrine akavaa glavu za kuoshea vyombo, maana hina haisamehe kidole, akaikoroga. Wakachora kwa vijiti vya meno juu ya mayai mengine meupe: maua, samaki, na jua lenye masharubu. Ruqayya alichoka na kijiti, akapaka kwa vidole vitupu. Walicheka hadi mbavu zikawauma.

"Usimwambie mtu, mama," Metrine alisema. "Halas, basi, siri yetu."

Jioni bibi, mamake madam, akafungua kabati. Kumbe hina ile aliileta mwenyewe kutoka Madina, ya usiku wa hina kabla ya harusi ya binti yake kitindamimba, kesho yake.

"Nani kaigusa?"

Mikono ya Metrine ilikuwa safi. Vidole vya Ruqayya vilikuwa vyekundu kama vya bibi harusi. Mtoto akamtazama Metrine, kisha akatazama sakafu.

"Mimi."

"Peke yako?"

"Peke yangu."

Metrine akisema, ataulizwa mayai ni ya nini, na neno Pasaka katika nyumba ile lingeweza kumrudisha kwao. Akachukua kitambaa, akafuta meza ambayo haikuwa chafu.

"Basi kesho huendi," bibi akasema. "Utabaki na Metrine."

Kesho yake, watu wa nyumbani wakijiandaa kutoka, Ruqayya akaja jikoni na gauni lake la sherehe. Alikuwa amelivaa mwenyewe, vifungo kombo. Hakulia. Alimvuta Metrine ainame, akamnong'oneza:

"Sikusema. Umeona? Sikusema kabisa."

Alitaka asifiwe! Uso wa Metrine ukawaka kwa aibu. Mtu mzima kama yeye, mlezi wa watoto na wajukuu, kajificha nyuma ya kitoto kisichojua hata kufunga vifungo.

Honi ikalia uani. Metrine akamshika mtoto mkono, akatoka mbio pekupeku, akagonga kioo cha gari.

"Bibi, ni mimi. Hina niliitoa mimi. Tulipamba mayai, ni sikukuu yetu sisi Wakristo. Mtoto hana kosa."

Bibi akafungua mlango, akampakata Ruqayya, akaanza kumfunga vifungo upya, kimoja kimoja. Metrine akangojea matusi. Heri yangekuja matusi.

"Na jana," bibi akauliza bila kuinua macho, "ulikuwa wapi?"

Jana alikuwa palepale, na kitambaa mkononi. Mlango ukafungwa, gari likaondoka.