Hotuba Iliyolazwa Wodi Namba Tatu

Usiku wa jana niliota hotuba yangu imelazwa wodi namba tatu, kitanda cha dirishani. Ni karatasi moja ya daftari, imefunikwa shuka hadi kidevuni, na ina homa.

Sikushangaa. Niliiandika mwenyewe kwa Kiingereza, wiki nzima, ili leo saa kumi alasiri nimuage Sista Nasaria anayestaafu. Wageni waliotujengea wodi ya wazazi hawajui Kiswahili, na Sista amekataa isomwe na daktari au katibu. "Asome Siwema," alisema. Siwema ni mimi, mhudumu wa wodi. Miaka ishirini na miwili nimetembea nyuma yake na sinia la dawa mikononi. Nikimwaibisha mbele ya wageni, sitajisamehe.

Basi nachukua kipimajoto, nakiweka kwapani mwa aya ya kwanza.

Kitanda kimejaa. Wamo akina Indeed wanne, wazee wa sura moja, wamelala mzungu wa nne.

"Mama, umetuita mara nne kwenye aya moja," anasema wa kwanza. "Maana yetu ni kweli kabisa. Tunakazia jambo lililokwisha kusemwa. Wewe umeanza na Indeed, good morning. Hapo tukazie nini?"

"Tena hotuba yenyewe ni ya alasiri," anaongeza wa pili, miguu yake ikiwa usoni mwa wa tatu.

Naomba radhi. Watatu nawaruhusu warudi nyumbani, nao wanaondoka wakicheza. Mmoja anabaki, anajinyoosha kwa raha zake.

Mara kishindo juu. Nainua macho, dari hakuna. Above All wawili wanasukumana kwenye kilele cha paa.

"Maana yetu ni zaidi ya yote, na zaidi ya yote huwa moja!" anapaza sauti mwenye kofia. "Wewe umeandika zaidi ya yote Sista anawahi kazini, halafu zaidi ya yote anatuchekesha. Amua, mama, bati linaunguza."

Hapo sihitaji kufikiri. Kuwahi hata jogoo anawahi. Lakini nani mwingine angemchekesha mgonjwa aliyeshonwa tumbo jana yake, hadi daktari aje kulalamika kwamba nyuzi zitakatika?

"Abaki wa kuchekesha!" nasema. Mwenzake anashuka kwa ngazi, ananipa mkono, anakwenda zake bila kinyongo.

Nikigeuka, wodi imekuwa nyembamba na ndefu, upana wa mstari mmoja wa daftari. Mlangoni, kwenye kigoda, ameketi bwana mpana anayeitwa Not Only. Nje, juani, amesimama Sista Nasaria na mkoba wake. Beji yake imeandikwa She.

Namkabili yule bwana. "Kwa nini umemzuia mama wa watu?"

"Umemzuia wewe," anajibu Not Only kwa upole. "Ulitaka kusema hakutuponya tu, ukaandika Not only she healed us. Mimi nikikaa mwanzo wa sentensi, msaidizi wa kitenzi hutangulia, mtenda mwenyewe hufuata. Yuko wapi msaidizi wake, Did?"

Napekua mifuko yote ya sare. Napata pamba, bomba la sindano, na pipi ya kifua. Did hayumo. Halafu natazama kifuani. Beji yangu haisemi Siwema. Inasema Did.

"Hilo haliwezekani," nasema. "Mimi simtangulii Sista. Mimi nafuata."

"Siwema mwanangu," anasema Sista kutoka nje, "miguu inaniuma. Tangulia, bwana!" Natoka nje, nasimama mbele yake.

Nyuma yake yuko Healed, kitenzi chetu, amevaa koti lenye herufi mbili mgongoni, e na d.

"Koti la wakati uliopita ni moja tu," anasema Not Only. "Msaidizi akisimama, yeye ndiye hulivaa."

Healed analivua, anabaki Heal, mwembamba na mwenye furaha, maana kumbe alikuwa anaona joto. Ananivika. Linanikaa kama nilipimwa.

Navuka kizingiti kuingia wodini. Sista ananifuata, Heal anamfuata Sista. Not only did she heal us. Homa ya karatasi inashuka palepale, wagonjwa wanapiga vigelegele, na yule Indeed aliyebaki anasema "Naam!" mara moja tu, mahali pake hasa.

"Kumbe nyuma kuzuri hivi," anasema Sista. "Mtu unapita tu! Miaka yote mlango nilikuwa nafungua mimi."

"Nilikuwa na sinia, Sista."

Anacheka mpaka anashika ukuta. Nami nacheka, machozi yananitoka, na ninampenda yule mama kuliko Kiingereza chote kinavyoweza kusema.

Nikaamka kumekucha. Kabla hata ya kunawa uso nilichukua kalamu, nikamweka Did mbele ya She, nikafuta zile herufi mbili. Akina Indeed watatu niliwakata, na Above All mmoja.

Simu ikalia mlio wa ujumbe. Ulitoka kwa Sista Nasaria.

"Siwema mwanangu, nimeamka nacheka peke yangu. Leo tukiingia ukumbini utangulie wewe. Na lile koti usilisahau."

Mimi sijawahi kuwa na koti.