Bakuli Juu ya Kilemba

Adhana ya adhuhuri ilipolia, Jubran mfungaji vitabu alikuwa amekwisha kumwaga maji machungu ya kulowekea uwatu mara mbili. Au tatu. Hapo ndipo balaa lilipoanzia, kwa maana hakukumbuka.

Posa yake kwa Taqiyya ilikuwa imepokewa kwa shangwe na mama mtu, shangazi na kaka wote wanne, mpaka ilipomfikia baba mtu, Haji Muthanna, mpishi wa salta ndani kidogo ya Lango la Yemen, mjini Sanaa. Haji hakuuliza ukoo wala kazi. Alisema tu, "Alhamisi uje unipigie uwatu. Ukisimama, nakupa binti. Ukianguka, rudi kwenye gundi yako."

Sanaa nzima inajua maana ya maneno hayo. Salta bila povu la uwatu juu yake ni mchuzi tu wenye majivuno, na uwatu uliopigwa barabara haumwagiki hata bakuli likipinduliwa. Desturi ni mpigaji kulipindua juu ya kichwa chake mwenyewe. Wako waheshimiwa wa mji huu waliowahi kurudi nyumbani na ndevu za manjano, na majina yao yanatajwa mpaka leo kwa heshima zote zinazostahili.

Taqiyya alikuwa amempelekea ujumbe kwa mdomo wa shangazi: "Amwage maji. Kisha amwage tena. Kisha akidhani amemaliza, amwage."

Sasa Jubran alikuwa amekaa dukani kwa Haji mbele ya kadamnasi, bakuli mapajani. Majiko yalinguruma. Vyungu vyeusi vya jiwe vilifika mezani vikiwa bado vinatokota, na mikate mipana kama nyungo ilirushwa kutoka mkono hadi mkono. Lakini hakuna aliyekula, kwa sababu uwatu wote wa siku hiyo ulikuwa ule wa Jubran.

"Haji," alilalamika dereva wa lori aliyeingia kutoka Hudaida, "mimi nimepanda milima kwa muda wa saa saba nikiiota salta yako. Mkwe si ungemtafuta kesho?"

"Vumilia, mgeni. Mwenzio anapigania mke."

"Na mimi napigania tumbo!"

Jubran akazamisha vidole, akaanza kuzungusha. Mwanzoni ulikuwa uji tu, mzito, wa rangi ya haradali. Watu wakacheka. "Hiyo gundi, mwalimu! Ubandikie majuzuu!" Hawakujua walichokisema. Jubran alikuwa amepiga gundi miaka kumi na miwili. Kiwiko chake kiliujua mzunguko ule kuliko kilivyolijua jina lake. Uji ukavuta pumzi. Ukapauka, ukafura, ukawa krimu, kisha ukawa mweupe, mweupe kabisa, umejaa bakuli kama wingu lililopotea njia likashuka sokoni. Kicheko kikakatika.

Akainuka, akaliinua bakuli juu ya kichwa chake.

"La," alisema Haji Muthanna. "Hicho kichwa si hasara kwa yeyote. Lete hapa."

Akaketi kwenye kigoda, na kichwani kilemba chake cha harusi, kilichopigwa pasi mara mbili. Hata mpishi wa jikoni akapunguza moto, jambo ambalo halijapata kutokea tangu duka lijengwe.

Jubran akapindua.

Hakuna kilichoanguka. Hakuna hata tone. Haji akainua macho taratibu, akakaa akiutazama ule weupe ulioning'inia juu ya uso wake, mdomo wazi, kama mtoto aliyeingizwa chini ya kuba la msikiti kwa mara ya kwanza. "Subhanallah," mtu alinong'ona. Dereva alisahau kulalamika.

Kisha Haji akanyoosha kidole, akachota juu.

"Povu ni mkono," alisema. "Kuutoa uchungu ni subira."

Jubran akakifuata kidole kile kwa macho. Gundi yake ilikuwa imeshika vitabu elfu, lakini hakuna aliyewahi kuilamba. Mbili, au tatu?

Haji akalamba. Akafumba macho. "Umemwaga mara ngapi?"

"Wallahi, ami, sijui. Mbili au tatu. Adhana ilinichanganya."

"Tatu. Mbili ungenikunjisha uso." Akafumbua jicho moja. "Mji mzima humwaga mara mbili. Tatu ni siri ya marehemu mama yangu, na haijawahi kutoka mlangoni kwangu. Nani amekwambia?"

"Shangazi, ami."

"Shangazi hajui kupika hata maji. Alileta maneno ya nani?"

Jubran akatazama viatu vyake. Masikio yalimwiva.

Kigoda kikaanza kutikisika. Haji alikuwa anacheka, bakuli bado juu yake. "Msichana! Kumbe kauza siri ya nyumba kabla ya mimi kumuuliza! Basi sina la kufanya. Huyu lazima aingie ndani, siri isije ikatembea mitaani."

Vigelegele vikalipuka nyuma ya pazia, mahali ambapo hakuna aliyejua kwamba kulikuwa na mtu.

Haji akachukua bakuli, akamteremshia dereva upawa wa kwanza kwenye chungu kinachochemka. Weupe ukagusa mchuzi, ukafura, ukapanda mpaka ukingoni, ukasimama hapo ukihema. Dereva akakata mkate, akachovya, akala. Alipoinua uso, macho yalikuwa na machozi, na haikuwa pilipili.

"Safari ya saa saba," alisema polepole, "ni karibu sana."

Jubran hakusikia. Alikuwa bado amesimama, mikono juu, ameshika bakuli lisilokuwapo.