Nafasi ya Dar

Mume wangu Elikana alianguka kutoka juu ya mchikichi. Uti wa mgongo ukavunjika, miguu ikafa ganzi, na tangu hapo tukawa watu wa kungoja.

Mwaka ule hospitali yetu ya mpakani ilifurika wakimbizi. Watu walilala wawili wawili kitandani, wengine chini ya vitanda, wengine koridoni. Siwalaumu, nani hukimbia kwake kwa raha? Ila nilichoka mpaka nikamchukia kila aliyetutangulia.

Upasuaji wa mgongo ulifanyika Dar tu, na Dar nako kulijaa. Kila asubuhi Daktari Davis alituambia tusubiri. Subira yavuta heri, wanasema, na waliosema hawakuwa na mgonjwa wa kugeuza.

"Nafasi ikija, asiwe na kidonda hata kimoja," alinionya. "Wapasuaji watamrudisha."

Basi nikamgeuza usiku na mchana, ngozi ikabaki nzima. Mikono yangu ndiyo iliyokwisha.

Mama mkwe, Yusta, akaja kwa boti kutoka Mwamgongo anipokee. Nikaenda kwa dada yangu kule Mwandiga, nikalala fofofo.

Niliporudi kesho yake, daktari alikuwa anatabasamu. Nafasi imepatikana, treni inaondoka jioni. Akafunua shuka amkague, na tabasamu likaisha. Miguu yote miwili ilikuwa malengelenge matupu, mengine yamepasuka.

"Nani amemfanya hivi?"

"Nimemkanda kwa maji ya moto," alisema mama mkwe. "Mtu aliyeanguka si hukandwa?"

Daktari hakugomba. Alirudisha shuka, kisha akaenda kitanda cha pili, kwa kijana wa Kirundi aliyepigwa risasi mgongoni. Jioni wakambeba yeye kwenda stesheni. Mama yake aliniaga akilia.

Nilimgeukia mama mkwe, heshima nikaiweka kando.

"Mama, hukuona maji yanaunguza?"

"Mikono hii imekomaa kwa sufuria za mawese, mwanangu. Haijui tena moto. Nilikuwa namuuliza mwenyewe."

Nikamtazama Elikana. Alikuwa ameufunika uso kwa mkono.

"Usimgombeze," alisema. "Kila aliponiuliza kama yanaunguza, nilimwambia bado, aongeze moto. Nilitaka nisikie, Leonia. Hata kidogo tu."