Diwani na Kibanja cha Mama

"Kile kibanja cha Izimbya kina mtu, Diwani," alisema Bwana Hamidi, kiongozi wa kamati ya ardhi iliyotoka Bukoba. "Analima kwako au analima kwake?"

Diwani Karugendo alikunja miwani yake, akaikunjua tena. Swali lilikuwa jepesi, na ndiyo ubaya wake. Akisema kwangu, yeye ni kabaila mwenye nyarubanja, mashamba ya kulimiwa na watwana, na mwaka huu wa 1969 kabaila hakai kwenye kiti cha chama hata dakika moja. Akisema kwake, kibanja kinakwenda kwa Byabato, mkulima wake, pamoja na kaburi la mama mzazi wa Diwani lililo katikati ya migomba.

Maskini, hakuzoea kukwama. Alikuwa mjumbe wa Mukama, mfalme wa Wahaya, akawa mkalimani wa DC, na bendera ya Uhuru ilipopanda alikuwa wa kwanza kupiga makofi. DC huyo aliwahi kumsimulia habari za babu wa mababu zake, mbunge wa Uingereza miaka mia nne iliyopita. Alimpigia magoti mfalme, kisha mwanawe mdogo, kisha mabinti wawili. Kila walipobadili dini naye alibadili, akafia kitandani kwake na mashamba yake yote. Karugendo alimpenda sana mzee yule.

"Mwiteni huyo Byabato," alisema Hamidi.

Byabato aliingia na matope miguuni. Kamati hata hakuiona. Alimwona Karugendo tu, akapiga magoti kwenye saruji kama alivyofundishwa na baba yake.

"Waitu, mukama wange!"

Bwana wangu! Mbele ya kamati! Kalamu ya Hamidi ilisimama. Karugendo aliona aibu, kisha hofu, na hofu ndiyo iliyosema.

"Inuka, ndugu Byabato. Mimi si bwana wako. Kibanja ni chako. Andikeni."

Byabato hakuinuka. "Nimekosa nini, waitu? Ndizi za kwanza sikuleta? Kaburi sikulipalilia? Mbona unanifukuza?"

"Hakufukuzi, mzee. Anakupa," alisema Hamidi, huku akiandika.

"Anipe na mama yake?" Byabato aliuliza, machozi yakimtoka.

Hamidi alifunga daftari lake.

Jumapili, baada ya misa, Karugendo alikwenda Izimbya, bado diwani. Miaka sitini alikuwa akiingia kibanjani humo bila kumwuliza mtu. Leo miguu ilikataa. Alisimama njiani, akakohoa.

"Hodi."

Kokubanza, mke wa Byabato, alitoka mbio, akaanza kupiga goti, akakumbuka kwamba serikali haitaki, akasimama. Alirudi ndani akaleta kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, ile anayopewa mgeni.

"Karibu, tata," alisema, kwa heshima ya baba. "Byabato yuko kaburini anapalilia. Nimwite akuonyeshe njia?"

Karugendo alichukua buni moja, akaitia mdomoni, akasubiri.