Kompresa ya Mechack

Mechack alilishusha boksi mwenyewe, hakutaka mtu mwingine aliguse. Ndani, limefunikwa kwa sifongo nyeupe, lilikaa dude la alumini ambalo vitabu huliita supachaja na Kolwezi nzima huliita kompresa. Ni mashine inayozungushwa na mkanda wa injini. Inavuta hewa, inaibana, kisha inaisukumiza ndani ya injini kwa nguvu. Injini ikipata hewa nyingi inachoma petroli nyingi, na gari linaondoka kama mtu aliyetukanwa.

Na gari lenyewe halikuwa na shida ya kuondoka. Lilikuwa sedani ya buluu, silinda sita, usukani kulia, mali halali ya Mechack, kijana ambaye shimo lake la kobalti la Kasulo lilimpenda.

“Tata, ni weye tu,” alisema Mechack. “Bafundi bengine bote nabaogopa.”

Mzee Kankolongo alilitazama boksi, akamtazama kijana. Kwa miaka thelathini alitengeneza kompresa kubwa za mgodini kabla ya kufungua gereji nyuma ya nyumba yake, kwa hiyo ujuzi alikuwa nao. Kilichomzuia ni kitu kingine. Mechack alikuwa rafiki wa mwanawe, Sadrack. Walichimba pamoja, walikula pamoja, na miaka minne iliyopita walikuwa pamoja kwenye barabara ya Fungurume, Sadrack kwenye usukani wa gari la kuazima, lilipoingia chini ya lori la shaba. Mechack alitoka na mguu usiokunjika vizuri. Sadrack hakutoka.

Angeweza kukataa. Lakini ukimkatalia kijana mwenye pesa, hujamnyima kitu, umemtuma kwa jirani, na gereji za jirani Kolwezi hazihesabiki. Wangemfungia asubuhi, jioni yuko barabarani. Kankolongo akasema, “Acha motokari. Urudi siku ya tano.”

Mkewe, Micheline, alikuwa anatwanga majani ya sombe karibu na mlango wa jikoni. Mchi ulisimama hewani.

“Utamufungia? Weye mwenyewe, kwa mikono yako?”

Mumewe akainua boneti, na yeye hakuuliza tena. Siku zile zote alimwekea bukari, ugali wa kwao, mezani bila neno, na kimya cha Micheline, aliyekionja anajua, ni kizito kuliko injini ya silinda sita.

Kazi ilifanyika, na ilifanyika vizuri, kwa sababu mikono ya mzee yule haijui kufanya vibaya hata ikiombwa. Alipanga puli na mkanda mpaka vikakaa mstari mmoja. Alitafuta chujio kubwa zaidi, maana vumbi jekundu la malori hupenya kila mahali, na hewa ya huku juu nayo ni nyepesi, kila injini inapumua kwa taabu. Kila alipokaza bolti alimwona Sadrack. Alikuwa anampenda Mechack, tuseme wazi, anampenda kama kipande cha mwanawe kilichobaki kinatembea, na kipande hicho ndicho alichokuwa anakitengenezea njia ya kufa.

Siku ya tano alifanya jambo la mwisho. Tumboni mwa kompresa kuna kilango kidogo. Dereva akitulia, kilango kinafunguka na upepo unarudi ulikotoka. Akikanyaga, kinajifunga na upepo wote unaingia kwenye injini. Kankolongo alichukua waya mwembamba akakifunga kilango kibaki wazi siku zote. Sasa kompresa ingezunguka na kupiga filimbi yake, lakini upepo ungejizungukia wenyewe bila kufika popote. Kelele tele, nguvu hakuna, kama wanaume fulani ninaowajua. Ulikuwa udanganyifu, na fundi aliyezoea kudanganya kwa neno moja tu, “kesho”, alijua kwamba safari hii amevuka mpaka.

Mechack alilijaribu gari mpaka mwisho wa mtaa na kurudi. Filimbi ilisikika kwa majirani wote.

“Inalia muzuri, tata!”

“Iende na amani,” alisema Kankolongo, akaona haya na faraja kwa wakati mmoja.

Wiki tano zilipita. Kisha Jumapili moja, mchana kweupe, kijana aitwaye Dady, mwenye gari kuukuu lisilo na kompresa wala chochote, alishindana na Mechack, akampita kwenye njia nyoofu kabla ya Fungurume. Alimpita huku ametoa mkono dirishani anaaga. Watu wa soko la kando ya barabara walicheka, na kicheko kilifika Kolwezi kabla ya Mechack mwenyewe.

Jumatatu asubuhi sedani ya buluu iliingia uani. Mechack alishuka akichechemea, uso umefungwa, akainua boneti. Kankolongo aliweka spana chini. Njia ya mwongo ni fupi, na yake ilikuwa imekwishia pale pale penye gereji yake.

“Tata, njoo uone.” Kidole cha kijana kilikuwa juu ya waya. “Hii, ni nani aliifunga?”

“Ni miye.” Kankolongo hakuangalia chini. “Nilibeba sanduku moja kaburini, Mechack. Ya pili sitaweza. Nitukane, uende kwa fundi mwengine, ataikata. Miye siwezi.”

Mechack aliondoa kidole kwenye waya.

“Nilijua tangu siku ya kwanza,” alisema. “Mi niko dereva, tata. Nilikanyaga, motokari ikabaki vile ilikuwa. Nikajua umefunga kitu. Nikafurahi.”

“Ukafurahi?”

“Naogopaka. Tangu ile siku naogopaka. Sasa Dady akiniita, siwezi kukatala, batasema ajali ilinimaliza. Lakini nikikanyaga kidogo tu, nishindwe na kompresa ndani, banacheka motokari, habanicheki miye.” Akakuna kichwa. “Shida ni fundi wa Dady. Anataka kuja kesho kuangalia ugonjwa iko wapi, na hii waya inaonekana sana. Nimekuja unifichie muzuri.”

Kankolongo alicheka. Alicheka mpaka akashika ukuta, na Micheline akatoka jikoni kuona mumewe amepatwa na nini. Kisha akachukua koleo, akainama chini ya boneti, Mechack ameinama kando yake amemshikia tochi. Huenda ni kwa sababu hawakuwa wanatazamana usoni ndiyo maana Mechack aliweza kusema.

“Tata. Ile siku Sadrack alikuwa anaenda polepole. Ni mi nilimuambia akanyage. Mara tatu nilimuambia. Alikatala mara mbili.”

Koleo lilisimama. Kwa miaka minne Kankolongo alikuwa amemkasirikia marehemu kwa kukimbiza gari. Alikwenda kaburini na hasira, akarudi nayo, akilala anamuuliza mwanawe: nilikufundisha nini, nilikufundisha nini? Sasa hasira ile ilikosa pa kwenda. Angeweza kumgeuzia huyu aliye kando yake. Aliiona inageuka, koleo likiwa mkononi.

“Polepole namna gani?” aliuliza.

“Soixante.”

Sitini. Mwendo wa mtu anayepeleka mayai sokoni. Kankolongo aliliweka koleo juu ya injini, machozi yakimtoka bila kuyafuta, akamshika Mechack begani na kumgeuza aelekee mlango wa jikoni.

“Sema tena Sadrack alikuwa anaenda soixante,” alisema. “Sema kwa nguvu, mama yake asikie.”