Mnunuzi wa Joto

Katika nyumba ile ya kutunzia wazee kule Coon Rapids, Minnesota, kila mtu alijua kwamba Bi Noh hamsemeshi binti yake. Alizungumza na Kerubo, aliyemwogesha na kumpikia. Alizungumza na Wanjala, mwenye nyumba, hasa akitaka kulalamikia supu. Alizungumza hata na mzee wa chumba cha pili, ambaye alikuwa kiziwi na alimjibu kwa kutabasamu. Lakini binti yake wa pekee, Eunju, alipoingia chumbani, Bi Noh aligeukia ukuta, akabaki hivyo mpaka mlango ufungwe.

Sababu yenyewe Kerubo aliipata vipande vipande, katika kumchana nywele na kumvalisha soksi. Bi Noh na mumewe walikuwa na duka la dobi mjini Saint Paul, wakaishi juu yake miaka mingi, na mume akafia humo humo. Mwaka uliopita Bi Noh alianguka ngazini akavunjika nyonga. Madaktari wakasema ngazi basi. Eunju akauza jengo zima, pamoja na mitungi mikubwa ya udongo iliyokuwa uani, ambamo mama yake alikuwa akichachusha soya tangu Eunju hajaanza shule. Mauzo yalimalizika siku chache kabla ya Chuseok, sikukuu ya mavuno, ambapo Wakorea huwaandalia marehemu wao meza ya chakula kabla ya wao wenyewe kuonja chochote. Mwaka huo hapakuwa na meza, wala nyumba ya kuiweka.

"Mume wangu alikuja nyumbani, akakuta wageni," Bi Noh alisema, kwa Kiingereza chake cha kaunta ya dobi, kifupi na kisicho na mapambo.

Kerubo alikuwa na miezi sita tu Minnesota. Alikuja na shahada ya masomo ya jamii, akakaa kwa shangazi yake Susan, akapata kazi hapa. Bado aliamini kwamba watu wanaopendana hawashindwi kupatana, ila wanakosa tu mahali pa kuanzia. Wanjala alimcheka kwa hilo.

"Wewe Kerubo, hapa tunatunza wazee," alimwambia. "Kesi za familia tuwaachie wenyewe. Ukiingia katikati ya mama na binti, wote wawili watakuhama na mimi nitabaki na chumba kitupu."

Kerubo akasema sawa, boss. Na pengine angenyamaza kweli, kama asingeona yaliyotokea siku ya Seollal, mwaka mpya wa Kikorea.

Siku hiyo Eunju alifika kutoka kwake Eden Prairie amevaa hanbok, vazi lao la sherehe, sketi pana ya rangi ya zambarau imefunikwa na koti zito la baridi. Alivua koti na viatu. Akasimama katikati ya chumba, mikono imekutana mbele ya paji la uso, akashuka taratibu mpaka magoti, mpaka mikono ikagusa zulia. Hivyo ndivyo watoto wanavyowaamkia wazazi siku hiyo, na mzazi hujibu kwa maneno ya baraka. Kerubo alikuwa mlangoni ameshika sinia ya chai. Alimwona mwanamke wa miaka hamsini, meneja wa watu wengi ofisini kwake, ameinamia mgongo wa mama yake. Bi Noh alitazama ukuta. Eunju alibaki chini muda mrefu kuliko ilivyohitajika, kisha akainuka, akavaa viatu na kuondoka.

Tangu hapo hakuingia tena ndani. Alipita alfajiri akielekea kazini, akaacha fuko la mapeasi au supu ya mwani mlangoni, akarudi garini. Kerubo aliona nyayo zake tu kwenye theluji, za kuja na za kurudi.

Mwezi ulipoanza kunenepa, Bi Noh akawa anautazama dirishani kila jioni. Alimweleza Kerubo kwamba mwezi mpevu wa kwanza wa mwaka ni sikukuu yake kubwa. Jioni ya mkesha hupikwa wali wa nafaka tano. Asubuhi mtu hupasua karanga kwa meno ili asiote majipu. Na kabla jua halijachomoza, watu huuziana joto.

Kerubo alidhani hakusikia vizuri. Nje palikuwa na baridi ya kugandisha kope.

"Joto la kiangazi," Bi Noh alifafanua. "Ukiamka, unamwita mtu kwa jina lake. Akiitika, unamwambia, nunua joto langu. Basi, kiangazi kikija yeye ndiye anayeungua, wewe umestarehe. Kwa hiyo siku ile mwenye akili haitiki."

"Na aliyeuziwa afanye nini?"

"Atafute mjinga mwingine amuuzie, kabla ya jua. Kijijini kwetu tulikimbizana asubuhi yote. Wa mwisho alibaki na joto la kijiji kizima."

Kerubo akasema yeye angelinunua lote leo hii, alipe na usafiri. Bi Noh akacheka mpaka akashika nyonga. Halafu akasema, kama anayejisemea mwenyewe, kwamba Eunju hakuwahi kujifunza mchezo ule. Mtoto wa kushika namba moja darasani, lakini kila mwaka aliitwa kutoka jikoni, "Eunju-ya!", na kila mwaka aliitika. Kila mwaka aliuziwa.

Kerubo aliona pa kuanzia. Akauliza taratibu, akikunja shuka ambayo ilikuwa imekunjwa tayari: je, akiwepo hapa siku hiyo, utamwita?

Bi Noh alifikiri. "Hiyo si kuzungumza," akasema hatimaye. "Hiyo ni biashara."

Kwa Kerubo hilo lilitosha. Alimwandikia Eunju kwenye simu kwamba asubuhi ya mwezi mpevu afike kabla ya jua, na tafadhali aingie ndani. Jibu lilikuwa fupi: nitapita nikienda kazini. Jioni ya mkesha akapika wali kwa mchele, maharagwe mekundu, maharagwe meusi, mtama, na wimbi alilotoa kabatini kwa shangazi Susan. Bi Noh alichungulia sufuria, akasema wimbi lile silo nafaka yao, na maji yamezidi. Kisha akala bakuli lote na kuomba lingine liwekwe kwa asubuhi.

Alfajiri Kerubo aliwasha taa ya jikoni, akapasha wali, akamwaga karanga zenye maganda kwenye sahani. Mwezi ulikuwa bado juu ya mapaa ya jirani, mkubwa, karibu kushuka. Bi Noh alikuwa macho tayari, amekaa kitandani, nywele zimechanwa, uso umeelekea mlangoni. Hakugeukia ukuta.

Wakangoja. Magari yalipita barabarani bila kupunguza mwendo. Anga upande wa mashariki ikaanza kuwa kijivu. Kerubo alirudi jikoni kuzima jiko, na ndipo sauti ikamfikia kutoka chumbani, kali na ya haraka:

"Kerubo-ya!"

"Abee!"

Liliponyoka lenyewe. Kwao, nyumbani Nyamira, mtoto aliyeitwa na mtu mzima haulizi kwa nini wala hachelewi; kuitika kulimkaa kooni kabla hajajua kusoma. Alisimama na kijiko mkononi, tayari anajua alichokifanya.

"Nunua joto langu," Bi Noh akasema.

Kerubo alikwenda mpaka mlangoni pa chumba. Alitaka kulia. Alimuuliza kwa nini hakungoja kidogo tu.

"Nimengoja," alijibu Bi Noh. Uso ulikuwa umeanza kujifunga. "Hakuja. Siwezi kukaa na joto mpaka Agosti." Akavuta blanketi na kuanza kugeuka upande wa ukuta.

Wakati huo huo mwanga wa taa za gari ukapita juu ya dari.

Kerubo alikimbia. Alifungua mlango wa mbele akiwa na malapa na soksi, bila koti, na baridi ikampiga kifuani kama mtu aliyemsukuma. Fuko lilikuwa kizingitini. Eunju alikuwa ameshageuka, anatembea kuelekea gari ambalo hakulizima.

"Bi Eunju!" Kerubo aliita.

Eunju aliinua mkono wa kuaga bila kutazama nyuma. Pengine alikumbuka mchezo. Pengine alichoka tu. Alikuwa ameshika kitasa cha gari.

Kerubo hakuwa na haki ya kumwita alivyomwita baadaye. Ni mwito wa mkubwa kwa mdogo, na yeye ndiye mdogo. Lakini alikuwa ameubeba moyoni tangu Bi Noh alipomsimulia, na hapakuwa na kingine.

"Eunju-ya!"

"Ne?"

Ndivyo Wakorea wanavyoitika. Sauti haikuwa ya meneja. Ilikuwa ya mtoto aliye ndani ya shuka, na Eunju mwenyewe aliisikia, akageuka na kuziba mdomo kwa glavu.

"Nunua joto langu," Kerubo alisema, meno yakigongana. "Ni la mama yako. Ameniuzia sasa hivi. Alikungoja, akadhani huji."

Eunju alisimama, moshi wa pumzi ukimzunguka. Kisha akasema kwamba Kerubo hakupaswa kuitika. Kerubo akajibu kwamba alijua, alifundishwa mchezo wote, na bado ameitika. Hapo Eunju akacheka kidogo, au alianza kucheka, kucheka kukageuka kitu kingine.

"Mimi pia nilijua," akasema. "Kila mwaka. Niliamka kabla yake, nikalala nimefumba macho nangoja aniite. Hujaona lile duka mwezi wa Julai. Alipiga pasi na taulo la maji shingoni. Nilifikiri nikilichukua joto lake, atapumzika."

"Umewahi kumwambia?"

Eunju alitikisa kichwa. Kiangazi kilikuja na mama aliungua vile vile, alisema. Angemwambia nini?

Kerubo alimshika mkono, kwa sababu vidole vyake mwenyewe vya miguu vilikuwa vimekufa ganzi, akamvuta ndani.

Chumbani Bi Noh alikuwa ameshageukia ukuta. Kerubo alisimama mlangoni akasema kwa sauti ya sokoni kwamba lile joto ameliuza.

"Haraka hivyo?" Bi Noh akauuliza ukuta. "Kwa mjinga gani?"

Kerubo akasogea pembeni. Theluji ya viatu vya Eunju ikaanza kuyeyuka juu ya zulia. Mgongo wa Bi Noh ulitulia ghafla. Alikuwa amezitambua zile hatua.

"Bado hujajifunza," Bi Noh akasema, akiuambia ukuta. Lakini hakuwa anauambia ukuta.

"Nilijua, Omma," Eunju alimwambia mama yake. "Tangu utoto. Niliitika nikijua."

Yaliyofuata waliyasema kwa Kikorea. Kerubo hakuyaelewa na hakuhitaji. Aliona mkono wa mzee ukishika ukingo wa kitanda, na mwili ule uliovunjika nyonga ukigeuka polepole, kwa maumivu, mpaka uso ukamfikia binti yake. Bi Noh alimtazama kichwani hadi viatuni. Aliporudi kwenye Kiingereza ilikuwa ni ili Kerubo asikie.

"Mitungi yangu nitakuuliza. Si leo. Umekula?"

Eunju akasema hajala.

Kerubo akaleta mabakuli mawili ya wali na sahani ya karanga. Eunju alikaa ukingoni mwa kitanda, koti lake bado mwilini, akapasua karanga ya kwanza kwa meno, maganda yakaruka mpaka kwenye blanketi, na mama yake akayaokota moja moja akinung'unika. Nje gari lilikuwa bado linanguruma. Wanjala, aliyefika kuanza kazi, alilizima, akachungulia chumbani, akamwangalia Kerubo, akaenda zake jikoni bila kusema lolote kuhusu kesi za familia.

Kerubo alikuwa kwenye sinki, amezamisha mikono katika maji ya moto, jua la manjano likiingia dirishani, aliposikia akiitwa. Safari hii ilikuwa sauti ya Eunju.

"Kerubo-ya!"

"Abee!"

Kicheko cha watu wawili kikamjia kutoka chumbani, kimoja chembamba, kingine cha kikohozi. Kisha Bi Noh akasema kwa nguvu, kama hakimu, kwamba jua limeshatoka, biashara imefungwa, na aliyelinunua joto abaki nalo.

"Sawa," Eunju akasema. "Nitabaki nalo."