Mfuo wa Bi Mahfoudha

Ua wa nyumba ya Bi Mahfoudha, kule Ruwi, Maskati, ulikuwa umesakafiwa wote isipokuwa pembe moja karibu na bomba la maji. Pembe hiyo ilikuwa udongo mtupu, upana wake kiasi cha kitanda. Mafundi wa vigae walikuja, wakataka kuifunika, naye akasimama juu ya ule udongo, mikono kiunoni, mpaka wakakusanya vyombo vyao.

"Hapa pawacheni," aliwaambia. "Hapa pana kazi yake."

Kazi hiyo kila mtu wa nyumbani aliijua. Pale ndipo ulipochimbwa mfuo wa mumewe siku aliyokufa, lile shimo refu la kina kidogo ambalo watu wa Unguja hulichimba nyumbani. Kitanda huwekwa juu yake, maiti akaoshwa, na maji yakanywewa na udongo wa nyumba yake mwenyewe. Halafu shimo hufukiwa. Huku Maskati watu wengi siku hizi huoshwa msikitini, katika chumba cha vigae chenye mabomba. Bi Mahfoudha hakutaka hata kukisikia chumba hicho.

"Maji yangu yapite kwenye bomba yakutane na ya choo cha jirani? Miye?" alikuwa akisema. "Nizikeni mtakapo. Kuoshwa, n'taoshwa kwangu."

Bakhit, mwanawe wa kiume, alikuwa ameyasikia hayo tangu baba yake azikwe. Hakuwa mtu wa maneno. Aliendesha katapila la kuchimbia kwa tajiri mmoja wa mtaa wa Ghala, na akirudi nyumbani alikula, akalala.

Kisha ikaja habari ya treni ya chini ya ardhi. Kituo kimoja kingechimbwa Ruwi, na mlango wa kuteremkia abiria ungekuwa pale pale penye nyumba ya Bi Mahfoudha na za majirani zake. Majirani walifidiwa, wakahama. Bi Mahfoudha akabaki, peke yake, katikati ya nyumba zisizo na milango.

"Treni ya chini ya ardhi!" alisema. "Watu wateremke kaburini na tikiti mkononi. Na wewe mwanangu ndiye utakayewachimbia?"

"Tajiri wangu kapata kazi hiyo, mama. Mimi naendesha tu."

Dada mkubwa wa Bakhit, Khawla, alikuwa na chumba tayari katika fleti yake kule Khuwair. Alikuja, akambembeleza mama, akalia, akanuna. Haikusaidia kitu. Mwisho Bakhit akachutama mbele ya kitanda cha mama yake.

"Ua hawauchukui," alisema. "Wanataka vyumba vya mbele tu."

"Nani kakwambia?"

"Ramani nimeiona. Mimi ndiye mchimbaji."

"Na pembe yangu?"

"Ipo ndani ya ua. Itabaki."

Bi Mahfoudha akamgeukia Khawla. "Huyu hana akili ya kutunga uongo. Haya, fungeni vyombo."

Bakhit alikuwa amepiga hesabu yake. Mama hawezi tena ngazi, magoti yameisha. Fleti iko ghorofa ya juu na lifti yake kila siku mbovu. Hatateremka kwenda kuangalia. Kuhusu siku atakayoteremshwa, Bakhit hakufikiria. Aliona iko mbali.

Zamu ya nyumba yao ilipofika, msimamizi wa kazi alimfuata kwenye katapila. Alikuwa mtu wa Sham, jina lake Wael, na alimwita Bakhit kwa jina la mwanawe, kama Waarabu wafanyavyo.

"Abu Yazan, hii si nyumba yenu? Nimweke dereva mwingine, wewe ukapumzike."

"Nitaibomoa mwenyewe."

Akaibomoa. Vyumba viliondoka asubuhi moja. Ua ulipofikiwa, sakafu ikapasuka kama mkate mkavu, na kijiko cha katapila kikaingia penye pembe. Mchimbaji haambiwi udongo. Udongo ambao haujaguswa hutoka kwa mabonge, na uliowahi kuchimbwa ukafukiwa humiminika. Ule ulimiminika. Ulikuwa laini, mweusi kidogo kuliko wa kando yake. Bakhit akasimamisha kijiko hewani.

Nyuma yake lori likapiga honi. "Yallah, Abu Yazan! Umelala?"

Akaumwaga udongo wa mfuo wa baba yake ndani ya lori, pamoja na mawe na vipande vya ukuta, na lori likaondoka.

Kila Ijumaa baada ya sala alikwenda Khuwair kula wali kwa mama yake.

"Ua upo?" mama aliuliza kabla hajakaa.

"Upo."

"Nipeleke nikauone."

"Barabara wameifunga, mama. Vumbi litakuua."

"Basi ile pembe yangu imwagie maji. Isije ikakauka ikawa jiwe, mkahangaika na jembe siku hiyo."

"Nitamwagia."

Na Ijumaa iliyofuata: "Umemwagia?"

"Nimemwagia, mama."

Ikawa hivyo mpaka joto likaja, likaondoka, likaja tena. Mama akaanza kula kijiko kimoja cha uji na kusukuma bakuli. Siku za mwisho hakuuliza tena habari za ua. Aliuliza jembe.

"Jembe la baba yenu liko wapi?"

"Limo garini mwangu," Bakhit alijibu, na safari hiyo alisema kweli.

Bi Mahfoudha alikufa asubuhi, Khawla akimsomea. Bakhit alipofika, dada yake alikuwa keshamfunga kidevu na kumfunika. Macho ya Khawla yalikuwa mekundu lakini kichwa kilikuwa kwenye kazi.

"Nenda Ruwi ukachimbe," alisema. "Waoshaji nimewaambia waje huko huko. Tumsalie alasiri."

Bakhit alisimama mlangoni.

"We Bakhit, husikii?"

"Hakuna pa kuchimba, Da Khawla."

"Vipi hakuna?"

"Ua haupo. Nimeuchimba mwenyewe, mwaka jana."

Khawla alikaa ukingoni mwa kitanda cha mama yao, taratibu, kama anayeogopa kumwamsha.

"Ulisema upo. Kila Ijumaa, hapa hapa, ukila wali wake."

"Nilisema."

"Na maji ulikuwa ukiyamwaga wapi?"

Khawla akageuza uso ukutani. "Nenda kamwombe huyo bwana wako wa kazini. Angalau tumwoshe pale pale, hata kama ni shimoni. Nenda!"

Akaenda. Wael alimwona akishuka garini na jembe mkononi, akaelewa kwamba kuna jambo. Bakhit akamweleza kwa ufupi. Wael alivua kofia yake ya kazini.

"Mungu amrehemu. Njoo."

Wakasimama kwenye ukingo wa shimo la kituo. Chini kabisa wafanyakazi walikuwa wakifunga nondo, na pampu ikivuta maji machafu.

"Nionyeshe," Wael alisema. "Pembe yenyewe ilikuwa wapi? Kama panawezekana, Wallahi nitawatoa watu wote."

Bakhit akanyoosha mkono kuonyesha. Kidole chake kilikuwa kinaelekea hewani. Chini ya kidole hapakuwa na ua wala udongo, palikuwa na mwanga wa jua na vumbi, na mbali chini yake, zile nondo. Aliushusha mkono.

"Usiwatoe," alisema.

Bi Mahfoudha alioshwa msikitini, kwenye chumba cha vigae. Wanawake walikuwa ndani na Khawla. Bakhit alikaa nje, mgongo ukutani, na kupitia ukuta aliyasikia maji yakishuka kwenye bomba. Hakuondoka mpaka yalipokwisha.

Jembe alikwenda nalo makaburini. Alikuwa amejiambia kwamba walau hili atamchimbia kwa mkono. Lakini kaburi lilikuwa tayari, moja katika safu ndefu ya makaburi yaliyochimbwa yakisubiri wenyewe. Kuta zake zilikuwa na mistari iliyonyooka. Bakhit aliijua ile mistari. Ni meno ya kijiko cha katapila.

Walipokwisha kumlaza, alianza kufukia, na hakumpa mtu nafasi.

"Bakhit, tupishe na sisi tupate thawabu," mzee mmoja alisema.

Jembe likaendelea kuvuta udongo. Walimwacha.

Jioni Khawla alimfungulia mlango wa fleti. Nyuma yake wanawake walikuwa wakisoma. Alitazama kanzu ya ndugu yake iliyojaa udongo, na jembe.

"Umelitumia?"

"Nimelitumia."

"Kuchimbia?"

"Kufukia."

Khawla alilichukua jembe mkononi mwake, akaliingiza ndani, akamwachia mlango wazi.